Paka Anaumwa Tumbo: Tumbo Lipi Hasa?

Paka wangu Chui alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga nyuma ya nyumba, mkia umeinuka kidogo, anasukuma kwa nguvu zote. Hakikutoka kitu. Akainuka, akasogea hatua tatu, akachuchumaa tena. Mama alikuwa barazani anachagua mchele, akamtazama, akasema, "Huyo amefunga choo. Mpe mafuta." Nikamnywesha kijiko cha mafuta ya zeituni, nikampondea papai kwenye maji ya samaki, nikasubiri. Asubuhi ya pili nilimkuta amejilaza kando ya mtungi wa maji, ametapika povu mara mbili, na nilipomgusa tumbo alitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake. Daktari wa mifugo tuliyemkimbilia pale Tanga alimbonyeza chini ya tumbo mara moja, kisha akaushika mkono wangu akauweka palepale. Ndani kulikuwa na kitu cha mviringo, kigumu kama chungwa bichi. "Hiki si choo, mwanangu," akasema. "Hiki ni kibofu. Huyu hajakojoa tangu jana."

Neno tumbo kwetu limebebeshwa mzigo mkubwa. Mjamzito ana tumbo. Mwenye njaa tumbo linamnguruma. Aliyekula kiporo kilichoharibika tumbo linamwendesha, na mwenye hedhi naye husema tumbo linamkata. Binadamu anaweza kuongeza maneno, akaonyesha kwa kidole pale panapouma. Paka hana kidole wala maneno. Tukishasema "paka anaumwa tumbo" tunakuwa tumefunga kwenye furushi moja tumbo lenyewe, utumbo, ini, kongosho, figo na kibofu, halafu tunalitibu furushi zima kwa kijiko kimoja cha mafuta. Tulifungue basi, tukianzia kwenye sahani, maana matatizo mengi ya paka wa kwetu huanzia hapo.

Panya mzima ndiye kipimo

Paka huyu tunayemfuga ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye wataalamu humwita Felis lybica na ambaye hadi leo anazurura kwenye nyika za Kenya na Tanzania. Katika kisiwa cha Saiprasi, wanaakiolojia walimkuta paka amezikwa kando ya mtu, kaburi la kiasi cha miaka 9,500 iliyopita. Muda wote huo ameishi nasi na kulala kwenye mikeka yetu, lakini utumbo wake umebaki wa mwindaji wa wanyama wadogo. Ana meno 30, yote ya kushika, kuchoma na kukata. Taya lake hupanda na kushuka, haliendi kando kama letu tunapotafuna. Mate yake hayana kile kimeng'enya ambacho kwetu huanza kuvunja wanga tonge likiwa bado mdomoni. Utumbo wake ni mfupi. Hata utamu wa sukari hauonji: mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni ya kutengeneza kipokezi cha utamu kwenye ulimi wa paka imeharibika. Ukimwona analamba andazi, anafuata mafuta.

Panya mmoja mdogo wa nyumbani ana kalori 30 hivi, na paka mzima wa kilo 4 anahitaji kalori 200 hadi 250 kwa siku. Kwa hesabu ya asili, basi, ni panya saba au wanane, wanaoliwa mmojammoja, usiku na mchana. Ndiyo maana paka hula kidogo, akaondoka, akarudi baadaye. Hajadharau chakula chako. Sasa mwangalie huyo panya kwa makini. Sehemu 7 katika 10 za mwili wake ni maji. Ana nyama, ana moyo, ana ini dogo, ana mifupa laini inayotafunika, ana manyoya, na tumboni mwake mna punje chache za nafaka alizoiba ghalani. Kila unapotaka kujua kama sahani inamfaa paka, iweke kando ya panya mzima, uangalie kilichopungua na kilichozidi. Sijapata kipimo kizuri kuliko hiki.

Chukua maziwa, kwa kuwa picha ya paka na bakuli la maziwa imetukaa sana vichwani. Mtoto wa paka huzaliwa na laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Akishaachishwa ziwa, laktasi hupungua. Maziwa ya ng'ombe yakimwingia paka mzima, sukari ile hupita bila kuvunjwa mpaka utumbo mpana. Huko bakteria huichachusha, gesi hujaa, maji huvutwa kuingia ndani ya utumbo, na mwisho wake unaukuta sebuleni. Wapo paka wanaostahimili kijiko kimoja au viwili. Wengine hata tone linawaendesha. Kwa kitoto yatima jambo ni zito zaidi. Maziwa ya ng'ombe yana protini na mafuta kidogo kuliko ya mama yake, na siku moja ya kuhara inatosha kumkausha maji mwilini. Ya mbuzi nayo yana sukari ileile, hayamwokoi. Yapo maziwa maalumu ya unga ya vitoto vya paka kwenye baadhi ya kliniki za wanyama za miji mikubwa. Bei yake inauma, ila ndiyo yanayofaa.

Sahani yetu hasa, lakini, ni ugali na dagaa. Sitaki kuidharau. Imelea paka wengi wa Mwanza, Kigoma, Unguja na Mombasa, na kwa wengi wetu ndiyo iliyo ndani ya uwezo. Dagaa anafanana na panya kuliko tunavyodhani: analiwa mzima, na kichwa chake, na mifupa yake, na matumbo yake. Ile mifupa midogo inampa paka kalsiamu. Ugali nao si sumu. Wanga uliopikwa ukaiva, paka huweza kuusaga kwa kiasi. Kinachoharibu ni uwiano. Tunasonga ugali mwingi, tunauchanganya na vichwa kumi vya dagaa ili harufu imdanganye, naye anakula kwa kuifuata harufu. Yule panya alikuwa na punje chache tumboni; hapa punje zimekuwa ndiyo sahani yenyewe. Wanga uliozidi unachachia kwenye utumbo mpana, choo kinakuwa laini, kingi, chenye harufu kali ya uchachu.

Na ndani ya mwili linatokea jambo jingine lisiloonekana upesi. Ini la paka huchoma protini muda wote, hata siku ambayo protini haikuletwa. La mbwa na la binadamu hujua kupunguza moto. La paka halijui. Protini isipotoka kwenye sahani hutolewa kwenye misuli yake mwenyewe. Umewahi kumwona paka mwenye tumbo kubwa na uti wa mgongo unaohesabika kwa kidole? Mtaani husema ana minyoo. Mara nyingi ni kweli anayo, na mara nyingi pia anashibishwa ugali.

Kwa hiyo geuza uwiano: dagaa wawe ndio chakula, ugali uwe tonge dogo la kushikizia, au usiwepo kabisa. Walioanikwa mchangani waoshwe mpaka maji yatoke meupe. Wale wa chumvi walowekwe, maji ya kwanza yamwagwe. Halafu wachemshwe, na hapa ndipo pana jambo ambalo ningependa kila mwenye paka alishike: usimwage supu.

Sababu ni taurini. Hii ni amino asidi ambayo paka hutengeneza kidogo sana mwilini, hivyo huitegemea kutoka kwenye nyama na samaki. Mwaka 1975 ilithibitishwa kwamba paka akiikosa kwa muda mrefu, sehemu ya ndani ya jicho huharibika na anaweza kuwa kipofu. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba ukosefu huohuo hutanua moyo na kuulegeza mpaka paka akafa. La kushangaza ni kwamba baadhi ya wagonjwa hao walikuwa wakilishwa vyakula vya dukani vilivyoaminiwa kuwa kamili. Viwanda vikaongeza taurini, na ugonjwa ule ukapungua sana. Taurini huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha dagaa au nyama kisha ukaimwaga supu, umeimwaga nayo. Na ukiwa buchani au kwa muuza kuku, omba mioyo. Ina taurini nyingi kuliko minofu.

Samaki mbichi ana hesabu yake. Baadhi ya samaki, wakiwemo wengi wa jamii ya sardini, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa hao wabichi kila siku kwa majuma huanza kukataa chakula, kisha kutapika, kisha kichwa kinainama mpaka kidevu kinagusa kifua, na mwisho ni degedege. Moto wa jikoni unakiua kimeng'enya hicho. Anayekula jodari mtupu, hata aliyepikwa, huweza kupungukiwa vitamini E hadi mafuta ya mwili wake yakavimba na kuuma. Paka wa namna hiyo hataki kuguswa. Maini matupu kwa miezi huleta vitamini A iliyozidi, na pingili za shingo huota mifupa na kukakamaa. Minofu mitupu, ambayo wenye uwezo huidhani ndiyo heshima ya juu kabisa, haina kalsiamu ya kutosha, na kipaka anayekua juu yake anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Panya alikuwa na vyote hivyo, kila kimoja kwa kiasi chake: ini dogo, mifupa yote.

Biskuti za paka, zile za mfuko, ni jambo la kusemwa kwa haki. Zilizoandikwa kuwa ni chakula kamili cha paka huwa na taurini, vitamini na madini kwa kipimo, na mwenye kazi za kutwa nzima zinamrahisishia. Kasoro yake kubwa ni ukavu. Maji yake ni kama sehemu moja katika kumi. Paka, kwa asili yake ya nchi kame, hana kiu ya kutosha kufidia. Babu yake aliyapata maji ndani ya mawindo. Mkojo unakuwa mzito, chembechembe zinajikusanya, na njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno. Chui alikuwa na miezi minane ya biskuti asubuhi na dagaa wakavu jioni. Ukavu peke yake haumfungi kila dume. Unene, kukaa ndani tu na wasiwasi huchangia. Lakini maji ndiyo niliyoweza kuyarekebisha, nami sikuyafikiria. Angalia pia zile biskuti zinazopimwa kwa kilo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa: mafuta yake huchacha, na wakati mwingine ni za mbwa. Chakula cha mbwa hakilazimiki kuwa na taurini.

Kuhusu mchuzi wetu nitasema neno moja, kitunguu. Kiwe kibichi, kimekaangwa, au cha unga, na kitunguu saumu pia, huharibu chembe nyekundu za damu za paka. Dalili hazitokei palepale. Baada ya siku chache fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa kahawia, naye anahema. Hivyo makombo ya pilau na ya mchuzi wa nazi, hata yawe na nyama nzuri, si fungu lake. Mtolee kipande chake kabla ya kuunga.

Kinachotoka, na kinatokea wapi

Anayetapika hujikunja, mate yanamtoka, tumbo linakaza na kulegea mara kadhaa, ndipo kitu kinatoka kikiwa kimelainika au na nyongo ya manjano. Yupo mwingine anayeinamisha kichwa tu na chakula kikateremka kama kilivyoingia, kimejipanga kama bomba. Huyu wa pili hajatapika. Chakula hakijafika tumboni, kimerudi kutoka kwenye umio. Nyumba yenye paka sita na sahani moja huona hili kila siku, maana kila mmoja anabugia kabla mwenzake hajamnyang'anya. Wape sahani mbalimbali, mafungu madogo, na mara nyingi yanaisha. Nywele nazo: kutapika kifundo cha nywele mara moja baada ya majuma kadhaa si ajabu. Kila juma ni ajabu. Ama anajilamba kupita kiasi kwa viroboto, ama tumbo lake linasukuma polepole kwa sababu ya ugonjwa.

Kuhara nako kuna nyumba mbili. Kukitoka utumbo mwembamba, choo kinakuwa kingi, chepesi, mara chache kwa siku, na paka anakonda. Damu ikiwepo inakuwa nyeusi kama lami kwa kuwa imesagwa njiani. Kukitoka utumbo mpana, anakwenda mara nyingi, kidogokidogo, anasukuma, choo kina ute kama kamasi na pengine michirizi ya damu nyekundu, lakini mwili wake uko vilevile. Ukimwambia daktari lipi kati ya haya mawili umeliona, umemfupishia safari nusu.

Na anayesukuma bila kutoa kitu, kama Chui, usimwite mwenye choo kigumu mpaka uwe na hakika kuwa amekojoa. Jike na dume wote huweza kufunga choo, hasa wazee, waliopungukiwa maji, au waliowahi kugongwa na gari wakavunjika nyonga. Dume asiyekojoa lakini huhesabiwa saa za kumfikisha kwa daktari, si siku. Potasiamu inapanda kwenye damu hadi moyo unasimama. Siku moja hadi tatu zinatosha kumuua. Mchanga mkavu unakusaidia hapa: palipokojolewa pameshikamana, paliposukumwa bure pamekwanguliwa tu.

Minyoo tusiisahau, ila tuitaje kwa majina. Vitoto vingi hupata minyoo ya mviringo kupitia maziwa ya mama yao, ndiyo maana dawa huanzia wakiwa na majuma matatu, ikarudiwa kila majuma mawili mpaka kama majuma kumi. Tegu anayeonekana kama punje za mchele zilizokauka kwenye manyoya ya mkunduni huletwa na kiroboto: paka anajilamba, anammeza kiroboto, na ndani ya kiroboto mna mtoto wa tegu. Kumpa dawa ya tegu ukawaacha viroboto kwenye mkeka ni kutwanga maji kwenye kinu. Dawa ipimwe kwa uzito wake. Dawa ya ng'ombe na mbuzi iliyobaki kwenye chupa haigawanywi kwa macho ikapewa paka.

Si kila ghafla ni sumu

Paka akitapika usiku na kufa asubuhi, mtaani jirani ndiye anayetazamwa. Sumu za panya zipo na zinaua, siwezi kukana. Lakini kuna virusi vya panlukopenia, ndugu wa virusi vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, ambavyo huvunja seli za utumbo na kuzimaliza chembe nyeupe za damu. Kitoto kina homa, kinatapika, kinainamia bakuli la maji bila kunywa. Kuhara huenda kukaja baadaye, au kifo kikatangulia. Ukifa uzao mzima wa vitoto vinne ndani ya juma, kabla ya kumshuku jirani fikiria chanjo ambayo haikuchomwa. Chanjo huanza kati ya majuma sita na manane na kurudiwa hadi majuma kama 16. Virusi hivi hukaa kwenye sakafu, viatu na nguo kwa miezi, pengine mwaka. Sabuni peke yake haiviondoi, inatakiwa dawa ya klorini ya kufulia baada ya kusafisha vizuri. Ukileta kipaka kingine kesho yake kwenye mkeka uleule, umekileta msibani.

Jingine ni uzi. Katika nyumba za mwambao ambamo watu hushona kofia, au kwa fundi cherehani yeyote, uzi wenye sindano uko sakafuni wakati wowote. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea nyuma. Uzi ukishaingia hawezi kuutema, anameza tu. Ncha moja hunasa chini ya ulimi, nyingine inasafiri, na utumbo unajikusanya juu ya uzi kama kitambaa kilichopigwa marinda, mpaka uzi unaukata. Paka anatapika tena na tena, wala hali chakula. Mfungue kinywa uangalie chini ya ulimi. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Peleka kwa daktari. Kamba iliyofungia nyama buchani ni hatari ileile, na harufu yake inamwita. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha.

Kwa paka wa miaka kumi na kuendelea hesabu inabadilika. Anayekula sana na bado anakonda huenda ana tezi ya shingo iliyochangamka kupita kiasi, au kisukari. Anayetapika mara kwa mara na kunywa maji mengi, figo zake ziangaliwe. Na kuhara au kutapika kunakozidi majuma matatu kwa umri wowote si "tumbo jepesi" tena. Huenda utumbo wenyewe umevimba kwa kukikataa chakula fulani. Hapo daktari huagiza jaribio la chakula: aina moja ya nyama ambayo paka hajawahi kula, hiyo tu, bila kitu kingine chochote, kwa majuma mawili au zaidi. Kwa paka wa mkoani aliyelelewa kwa dagaa, sungura au bata anaweza kuwa ndiye mgeni huyo. Jaribio hili huharibiwa na huruma: mtoto akimdondoshea kipande kimoja cha samaki, mnaanza upya. Asipopona, vipimo huendelea, maana baadhi ya wazee hawa wana saratani ya utumbo inayokwenda polepole, ambayo kwa macho haitofautiki na uvimbe wa kawaida. Wengi wao hupungukiwa vitamini B12 na hupata nafuu kwa sindano zake. Tena kwa paka mfereji wa nyongo na wa kongosho huungana kabla ya kuingia kwenye utumbo, hivyo maradhi ya mmoja huwafikia majirani: utumbo, ini na kongosho vikaugua pamoja. Furushi lile tulilofungua, mwili wenyewe wakati mwingine hulifunga tena.

Siku anapokataa kula

Kwetu mgonjwa wa tumbo huambiwa apumzishe tumbo, afunge. Usimfanyie paka hivyo. Akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa aliye mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini ili yageuzwe nishati, ini linashindwa kuyasafirisha, linajaa mafuta mpaka linafungwa. Ndani ya masikio na fizi hupiga manjano. Ugonjwa huu hutokea hata kama kilichomzuia kula mwanzoni kilikuwa kidogo tu, kwa mfano jino bovu, au ulibadilisha chakula ghafla akagoma. Kubadilisha chakula kuchukue siku 7 hadi 10, kipya kikiongezwa kidogokidogo ndani ya cha zamani.

Paka mzima anayeharisha lakini mchangamfu, anayekunywa na kula, unaweza kumtazama siku moja au mbili: kidari cha kuku kilichochemshwa bila chumvi wala kiungo, kidogokidogo mara nne au tano, pamoja na supu yake; maji safi mahali pawili; maziwa yasimamishwe. Vuta ngozi ya mgongo kwa vidole viwili uiachie. Ikirudi polepole, maji yamepungua mwilini, na subira imekwisha. Kipaka, mzee, anayetapika pia, mwenye damu kwenye choo, aliyelegea: huyo ni wa leo, hangoji kesho.

Kabati la dawa za nyumbani lifungwe. Ini la paka halina njia tunayoitumia sisi kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Aspirini, ibuprofeni, na dawa zetu za kuzuia kuhara zisimguse bila daktari. Vidonge vya bakteria na amiba vilivyobaki tangu mtoto alipougua ni vya mtoto, na kipimo kikizidi hupiga ubongo wa paka. Hata mafuta yale niliyomnywesha Chui kwa nguvu yangeweza kuingia mapafuni. Daktari aliniambia hayo akiwa anasikiliza kifua chake.

Unapokwenda kwake, beba choo cha asubuhi ile kwenye chombo kisafi, na kama una simu mpige paka video akitapika au akisukuma. Sekunde kumi za video humwonyesha zaidi ya maelezo yako ya nusu saa. Choo chukua kwa mfuko mkononi kisha unawe. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama, paka akiwa navyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo mchanga unaosafishwa kila siku hauvipi nafasi. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Chui alitiwa mrija, kibofu kikafunguka, mkojo wa kwanza ukatoka na damu. Alikaa kliniki siku nne. Siku hizi biskuti zake naziloweka kwenye supu ya dagaa ya vuguvugu mpaka zivimbe, jioni anakula dagaa hao waliochemka na mioyo miwili ya kuku, na bakuli la maji nimelihamishia mbali na chakula, chini ya mkungu, anapopenda kulala. Kila asubuhi nachukua chekeche, nachekecha mchanga wake, nahesabu mabonge ya mkojo. Leo yalikuwa matatu, makubwa.